Jina la Nzabandora Ndani ya Sanduku

Huku kwetu Mushaki, milimani, ng'ombe wa kupewa huja na miguu minne, mkia mmoja na kazi moja ya mdomo. Ndama wa kwanza utamrudisha kwa aliyekupa, majani utamkatia, lakini hayo ni ya mikono. Kazi ya mdomo ni kusimama siku ya watu wengi na kuapa kwa jina la aliyekupa: "Fulani alinipa ng'ombe!" Tangu siku hiyo kiapo ni chako. Ukitaka kusadikiwa unaapa vile, na hakuna atakayekuuliza mara ya pili, maana mwenye akili haapi uongo juu ya mtu aliyemnywesha maziwa. Wanaume wameapa hivyo juu ya mipaka ya mashamba. Wanawake wameapa hivyo juu ya mambo ambayo padri mwenyewe hajawahi kuyasikia.

Kamaliza alijua hayo tangu alipokuwa msichana mdogo, analamba povu la maziwa kwenye kidole. Baba yake, Narcisse, alikuwa mkulima wa viazi, na alipokufa aliacha mke, watoto na jembe lenye mpini uliopasuka. Ndipo mzee Nzabandora, mfugaji jirani, akaleta ng'ombe mwekundu ambaye pembe yake moja ilijikunja kama inasikiliza umbea. Maziwa ya ng'ombe huyo yalilipa minerval, karo ya shule ya Kamaliza, kuanzia sekondari mpaka alipomaliza masomo ya ordinatere, yaani kompyuta, kule Goma. Ndama alirudishwa. Majani yalikatwa. Mdomo ndio uliobaki.

Ulibaki kwa sababu ya haya ya kijinga. Siku ya diplome kulikuwa na karamu Goma, na mzee Nzabandora alikuja amevaa koti, kofia, na viatu alivyovipaka samli mpaka inzi wakamsindikiza kutoka barabarani. Wakamweka mbele. Kamaliza akashika mikro. Akamshukuru Mungu, akashukuru maprofesa, mama yake, wenzake, hata yule mtu wa jenereta. Kisha macho yake yakakutana na macho ya mzee, na nyuma ya mzee akawaona vijana wa mjini na simu zao zimeinuliwa. Aseme ng'ombe mbele ya watu wale? Ulimi ukawa mzito kama ugali wa jana. Akaweka mikro mezani. Mzee alipiga makofi pamoja na wengine, ila yeye alichelewa kuacha, kwa hiyo makofi yake ya mwisho yalisikika peke yake.

Mama yake, Mama Thacienne, hakumgombeza. Walipokuwa wanarudi alimwambia tu, "Umeshukuru mpaka jenereta, mwanangu. Ile jenereta ilikupatia maziwa?"

Kamaliza alipata kazi katika shirika moja lililokuwa linaweka visanduku kwenye frigo za chanjo, katika vituo vya afya vya Masisi na Walikale. Kisanduku kinakula jua, kinachunga baridi ya frigo, na frigo ikianza kupata joto kinapiga filimbi. Aliyekipa akili ni Kamaliza. Alikiandikia programu katika lugha ya mashini inayoitwa C, na humo ndani akaona mahali pa kujificha.

Alichofanya ni hiki. Katikati ya programu aliweka kipande kidogo, na ndani yake akaandika maneno: *Nzabandora alinipa ng'ombe.* Hakuna sehemu nyingine ya programu iliyokigusa kipande hicho. Hakikupima baridi, hakikupiga filimbi. Kilikaa tu, kama picha ya mtakatifu ukutani: haipiki, haifagii, lakini nyumba inajua kwamba iko. Kamaliza akajiambia kwamba sasa ameshukuru, na tena ameshukuru katika kila kisanduku cha wilaya mbili. Mtu akitaka kuukwepa mlango, atauita dirisha mlango.

Kulikuwa na shida moja. Programu anayoiandika mtu haiingii kwenye kisanduku vile ilivyo. Inapita kwanza kwa kompilateri, ambayo ni programu nyingine inayoisoma na kuigeuza kuwa chakula ambacho kisanduku kinaweza kumeza. Na kompilateri ina tabia ya mama mkwe aliye na chumba kimoja: kila inachoona hakitumiki inakitupa nje, haiulizi ni cha nani. Kamaliza aliijua tabia hiyo. Akaweka alama pembeni ya kile kipande, alama ya kuiambia kompilateri, "Hiki kinatumika, kiache." Kompilateri ikatii. Akalichukua faili lililomezwa na kisanduku, akalichambua kwa kiprogramu kinachotoa maneno yanayosomeka, na jina likatokea. Akamwita mzee kwenye kituo cha afya cha Mushaki aje alione kwa macho yake.

"Njo hii, Papa. Jina yako. Iko ndani ya ile sanduku."

Nzabandora akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha ekra. "Na nani anaisomaka?"

"Hakuna, Papa. Iko tu mule ndani."

"Hm. Kama mutu wamezika bado muzima."

"Apana, Papa! Kama moyo. Moyo nayo haionekane."

Mzee akacheka, akapiga fimbo chini. "Sawa. Nitakuwa moyo. Nilikuwa kitu ya mubaya zaidi."

Mzee alipofika kwake, tayari jina lilikuwa limeongezeka uzito mdomoni mwake. Alipofika Bihambwe kuuza jibini, kisanduku kilikuwa hakiwezi kupumua bila yeye. Na hapo angeachwa na maneno yake kama wazee wote wanavyoachwa, kama si bakwe, yaani wakwe zake.

Binti yake, Umuhoza, aliolewa Kibua, kule Walikale, na mtoto wa Papa Akilimali, infirmye mkubwa, muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Watu wa Kibua ni watu wa msitu na mihogo, na walikuwa na mazoea ya kumtania mkwe wao wa milimani: kwamba kwao kuna baridi mpaka matusi yanaganda mdomoni, kwamba mtu wa huko akikosa maziwa anasahau jina lake. Nzabandora aliposikia kwamba visanduku vinaenda Kibua, alimpigia Akilimali simu akapiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama.

"Mukwe wangu! Ile sanduku inakuya kwenu, jina yangu iko ndani! Mutoto wa Narcisse ameiandika!"

"Tutaiona," alisema Akilimali.

"Mutaiona! Na miye nitakuya nayo!"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mtu mzima, kwa hiari yake, alijifunga koti akapanda moto, yaani pikipiki, kwenda kuonyesha jina lake kwa bakwe.

Visanduku vya Kibua havikuwa kama vya Mushaki. Chipu ya kwanza, ule ubongo wa kisanduku, ilikosekana, shirika likaleta nyingine, na chipu nyingine ina kompilateri yake. Kamaliza aliihamisha programu. Kompilateri mpya ikawa na midomo kuliko mwanamke aliyeibiwa kuku: onyo hapa, onyo pale, ekra ikajaa mistari ya njano. Alisoma michache, akaona ni vijambo vidogo. Barabara ilikuwa imefunguka, na barabara ya Walikale ikifunguka hakuna anayejua itafungwa lini. Akazima maonyo yote, mashini ikanyamaza, programu ikapita. Akajaribu kisanduku kwenye frigo, kikachunga baridi vizuri sana. Jina la mzee hakulitafuta. Lilikuwepo Mushaki, kwa nini lisiwepo tena?

Wakaondoka na moto mbili, yeye mbele na sanduku mgongoni, mzee nyuma. Walishuka kutoka kwenye majani mafupi na baridi, wakapita Masisi, wakapita matope ambayo dereva aliyaita kwa majina ya watu, wakaingia kwenye joto la miti mikubwa. Kamaliza alivua jaketi. Mzee alikataa kufungua hata kifungo kimoja. "Kwa bakwe," alisema, jasho likimtiririka, "mutu anafika mwenye kuvaa."

Kibua waliwapokea na viti, na chai, na mihogo. Ilikuwa siku ya chanjo, na wanawake wenye watoto wachanga walikuwa wamejaa barazani. Kamaliza alifunga kisanduku kwenye frigo. Akilimali akafungua mlango wa frigo na kuuacha wazi, na baada ya kitambo filimbi ikalia mpaka watoto wakaungana nayo kulia. Wanawake wakacheka. Mlango ukafungwa, filimbi ikanyamaza, watoto hawakunyamaza.

"Ni vizuri, dada enjenyeri," alisema Akilimali. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti jeupe na macho ya kuchokoza. "Filimbi tumesikia. Sasa, mukwe wangu, ile jina iko wapi? Ao ilibakia kwa barabara, kwa matope?"

"Muonyeshe, mwanangu," alisema Nzabandora. Aliketi wima kama mtu anayepigwa picha.

Kamaliza alifungua ordinatere magotini, ekra imemwelekea yeye. Akachukua lile faili la kisanduku cha Kibua, akalichambua. Maneno yakashuka: baridi, joto, bateri, mlango. Yakaisha.

Akachambua tena, polepole, kana kwamba mwendo wa kidole ndio uliokosea. Baridi, joto, bateri, mlango.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimpiga kofi. Akawasha yale maonyo aliyoyazima, akaiambia kompilateri isome tena, na katikati ya mistari ya njano akalikuta lake. Lilisema kwa adabu kabisa: alama hii siijui, nimeiruka. Kompilateri ya kwanza na ya pili zote zinajua kuhifadhi kitu kisichotumika, lakini kila moja ina neno lake la kuambiwa. Yeye aliiambia ya pili kwa neno la ya kwanza. Nayo ilimwonya. Yeye ndiye aliyeiziba mdomo.

"Iko inatafuta?" aliuliza Akilimali.

"Iko inatafuta," alisema Kamaliza.

"Jina ya mukwe wangu iko murefu, njo maana."

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, cheko la mtu asiye na wasiwasi, na cheko hilo ndilo lililomharibu Kamaliza. Kama mzee angetia shaka hata kidogo, angesema kweli. Lakini alimwamini kama mtu anavyoliamini jiwe la mlangoni kwake. Basi kidole kikakimbia kwenda mahali pengine. Kikafungua programu yenyewe, ile aliyoiandika kwa mkono wake, ambayo kompilateri huisoma kabla ya kutupa kisichotumika. Humo jina lilikuwepo, kwa sababu humo yeye ndiye mama mwenye nyumba. Akaigeuza ekra.

"Njo hii," alisema.

Akilimali akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Nza-ba-ndo-ra. Alinipa. Ng'ombe." Akavua miwani. "Kumbe ni kweli! Mukwe wangu, nisamehe. Nilisema hawa watu ya maziwa wanaota."

Ingekwisha hapo. Uongo mdogo, hakuna aliyeumia, chai iko moto. Wangapi wetu tumelala vizuri juu ya uongo mkubwa kuliko ule. Lakini Nzabandora alikuwa amesubiri siku hiyo tangu siku ya diplome, ingawa hakuwahi kulisema. Alisimama. Akavua kofia. Akainua fimbo, na akaapa kiapo chake, kile cha ng'ombe wake wa kwanza kabisa, aliyepewa ujanani na marehemu Bisengimana wa Bihambwe.

"Bisengimana alinipa ng'ombe! Jina yangu iko mu ile sanduku!"

Kamaliza aliitazama ile fimbo iliyoinuliwa. Mzee ameapa. Ameapa kwa marehemu, ambaye hawezi tena kuambiwa "nisamehe, niliteleza." Maisha yake yote mtu yule hakuwahi kukitumia kiapo hicho ovyo, na sasa amekitumia juu ya kitu ambacho hakipo, kwa sababu ya mtoto ambaye yeye mzee alimnywesha maziwa. Kwenye karamu ile ya Goma, Kamaliza alimnyima neno. Leo amemwibia hata lile alilokuwa nalo.

Akafunga ordinatere. Ilifunga kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka.

"Papa," alisema, "rudisha kiapo."

"Nini?"

"Haiko. Jina haiko mu sanduku. Ile nimewaonyesha ni andiko yangu, iko mu ordinatere yangu tu. Kompilateri imeitupa. Haikuingia."

Baraza zima likamgeukia, isipokuwa mtoto mmoja ambaye mambo ya watu wazima hayakumhusu.

"Anaogopa tu," alisema mzee haraka, akiwageukia bakwe. "Amechoka na njia. Iko. Tumesoma!"

"Tumesoma kabisa," alisema Akilimali. Sasa alikuwa anafurahia, kama mtu aliyeongezewa nyama. "Dada, tusadiki mudomo gani? Ya kwanza ilisema iko. Ya pili inasema haiko. Kama ya kwanza ilidanganya, ya pili ni ndugu yake, wamezaliwa nyumba moja."

"Ya pili njo ya kweli, Papa Akilimali."

"Na tutajuaje? Labda umeona haya ya jina ya muzee wa ng'ombe kukaa mu mashini ya shirika."

Akilimali alisema hivyo kwa mchezo. Hakujua alipopiga. Kulikuwa na njia moja tu ya mtu wa Mushaki kusadikiwa baada ya kukamatwa na uongo, na njia hiyo alikuwa ameikwepa kwa ujanja wote wa shule. Akasimama. Alitazama sakafu, kisha akaona kwamba kiapo hakiapwi kwa sakafu, akainua uso.

"Nzabandora alinipa ng'ombe," alisema. "Jina yake haiko mule."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya panya ndani ya gunia. Lakini ilitoka. Mzee Nzabandora aliketi polepole, mkono mmoja ukitafuta kiti nyuma yake.

Hakuna aliyecheka. Hata watu wa msitu wanajua sauti ya kiapo.

Kisha mzee akakohoa. "Sijasikia," alisema.

"Papa?"

"Masikio yangu imejaa vumbi ya njia. Rudilia."

"Nzabandora alinipa ng'ombe. Jina yake haiko mule."

"Mukwe wangu," alisema mzee, "weye ulisikia?"

Akilimali alimtazama mzee, akamtazama Kamaliza, na pale pale akaacha kuchokoza. "Sikio yangu moja iko ya zamani," alisema. "Haijasikia vizuri."

"Na hawa bamama ya inje? Hawa ni bakwe nao. Wamesikia?"

"Atujasikia!" walijibu wanawake wa barazani, ambao walikuwa wamesikia kila neno na walikuwa wamekwisha kuanza kulipamba.

Basi Kamaliza alitoka mpaka mlangoni, mbele ya wanawake wageni na watoto wenye mapaja yaliyochomwa sindano, akasema mara nyingine, kwa sauti ya kuita ng'ombe mlimani: Nzabandora alinipa ng'ombe! Jina lake halimo! Hakuwahi kufikiri kwamba shukrani ya maisha yake itatoka siku moja na ungamo lake, vimefungwa kitambaa kimoja. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, "Aliyempa ng'ombe njo yule mwenye koti." Mwenzake akamtazama mzee kwa heshima.

Aliporudi ndani alibaki amesimama. "Papa, nisamehe. Neno yake ninaijua sasa, ile kompilateri mupya inataka. Nitaandika leo leo. Jina itaingia."

"Usiandike."

"Ni kazi kidogo, Papa, ni mustari moja tu."

"Nimesema usiandike. Sanduku ichunge dawa ya watoto." Mzee alikuwa ameshika kofia yake, anaigeuzageuza. Hakuwa anacheka tena, na bila cheko uso wake ulikuwa mzee sana. "Ile siku ya Goma nilipiga makofi mpaka mikono ikauma. Nilisema: labda anasahau, nikiendelea kupiga atakumbuka. Ulikuwa haujasahau."

"Sikusahau, Papa."

"Njo ile iliniuma."

Kwa Kamaliza, afadhali angegombezwa.

"Na miye nimeapa uongo kwa Bisengimana," aliendelea mzee. "Watoto wake wako Bihambwe. Nitaenda kuwaambia, bakwe wasikuwe wa kwanza kuwapelekea habari. Utaenda na miye. Utabeba maziwa, na wakiuliza juu ya nini muzee ameapa vibaya, weye njo utasema. Yote. Na Goma pia."

"Ndiyo, Papa."

"Na hautaanzia kwa jenereta."

Akilimali alimeza kicheko pamoja na chai, akakohoa, akajifanya anaenda kuangalia frigo. Umuhoza, binti wa mzee, aliingia na sahani ya mihogo, akaona nyuso, akaiweka mezani bila kuuliza. Mzee akasukuma kiti kwa mguu upande wa Kamaliza. Hakumtazama. Kamaliza akaketi ukingoni, akachukua kipande cha muhogo kwa sababu kwa bakwe huwezi kukataa, akakitafuna muda mrefu bila kukimeza. Hapo nje jina la Nzabandora lilikuwa linapita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na nyuma yake, kila mara, lilifuata la Kamaliza.